Fainali za Henry Shefflin: huduma ya duka moja la kujaza flashi Mwanga, Kigoma

Maduka ya kujaza flashi hapa Mwanga yanaishi kwa filamu zilizotafsiriwa na mechi za Simba na Yanga, hivyo mteja anayeulizia halingi, mchezo wa Ayalandi wa fimbo bapa na mpira mdogo mgumu, ajiandae kukodolewa macho. Kijana wa duka ninalolizungumzia aliniuliza kwa adabu, "Mzee wangu, hiyo siyo hoki?" kisha akaandika jina la Henry Shefflin, mchezaji wa timu ya kaunti ya Kilkenny, kwenye daftari lake na kuniomba nipite tena. Nilipopita, fainali zake za ubingwa wa Ayalandi zilikuwa tayari, kila moja kwa shilingi 1,000, bei ambayo ukifikiria gharama ya bando naiona ni ya haki.

Ubora wa picha hauna lawama. Katika fainali ya 2008, ambapo Kilkenny waliichapa Waterford goli 3 na pointi 30 kwa goli 1 na pointi 13, mpira unaonekana wazi hadi unapopita juu ya mtambaa wa panya, na hiyo ni pointi moja. Ukiingia wavuni huhesabiwa tatu. Shefflin mwenyewe hana mbio za kutisha, ila ukimfuatilia yeye peke yake utaona anavyowahi mahali mpira utakapoangukia, beki akiwa bado anaangalia juu.

Tatizo liko kwenye uteuzi. Kijana aliniwekea mechi za ushindi tu, akiamini kwamba hakuna mteja anayelipia kumwona mtu wake akifungwa. Kwa mchezaji mwingine ningenyamaza, lakini fainali ya 2010 ndiyo inayoeleza ukubwa wa Shefflin. Alikuwa ameumia ligamenti ya goti kwenye nusu fainali dhidi ya Cork, akaanza fainali hivyo hivyo, robo saa haikuisha akatolewa, na Tipperary wakawanyima Kilkenny kombe la tano mfululizo. Miaka mitatu kabla, katika fainali dhidi ya Limerick, goti lilikuwa limemtoa pia, ingawa siku hiyo wenzake walishinda. Baada ya yote hayo, mwaka 2012 alichaguliwa mchezaji bora wa mwaka kwa mara ya tatu, jambo ambalo hakuna aliyelifikia kabla yake.

Hata hiyo 2012 niliipata nusu. Kwenye flashi kuna marudiano dhidi ya Galway, yaliyokwenda kirahisi, lakini sare iliyoyasababisha haimo, na humo ndimo ilimo penalti ya dakika za mwisho ambayo Shefflin, timu zikiwa sawa, aliamua kuipeleka juu kwa pointi moja, kabla ya Joe Canning wa Galway kusawazisha kwa mpira wa adhabu. Mimi ningetafuta goli, lakini mimi sikuwa uwanjani.

Nilipolalamika, kijana aliitafuta mechi ya 2010 bila kunitoza kitu, na hilo linastahili sifa. Marudiano ya 2014 yalikuwemo tangu mwanzo: Shefflin anaingia akitokea benchi na kupata medali yake ya kumi, miezi kadhaa kabla ya kustaafu timu ya Kilkenny mwezi Machi 2015, muda wote huo akiwa mfanyakazi wa benki, kwani halingi haina mshahara.

Anayetaka huduma hii aandike kwenye karatasi mwaka wa kila mechi, aseme kama anataka sare au marudiano, na aende na flashi yenye nafasi ya kutosha.