Maktaba ya jamii katika mji wa mkonge: uzoefu wangu kama msomaji na mchangiaji

Maktaba ninayoieleza hapa ipo katika mji mmoja mdogo wa Mkoa wa Tanga, kandokando ya reli ya kwenda Moshi, na inaendeshwa na watu wanaojitolea bila mshahara. Jina lake nimeamua kutolitaja, kwa kuwa nitasema pia yale ambayo hayakunifurahisha, na wahusika ni majirani zangu wasio na ofisi ya kupokea malalamiko. Nimekuwa mwanachama kwa muda wa kutosha kuziona kamati zikibadilika, na ninaandika kwa ajili ya mtu anayejiuliza kama ada na mchango wake vitafanya kazi yoyote ya maana. Jibu langu ni ndiyo, ingawa si kwa sababu ya vitabu.

Kwa upande wa vitabu, huduma ni ya wastani. Rafu zina vitabu vingi vya kiada vya mitaala iliyokwishabadilishwa, riwaya chache za Kiswahili zinazogombaniwa na wasomaji, na mabaki ya shehena za vitabu vya msaada kutoka ng'ambo, ambavyo sijamwona mtu akiviazima. Kwa bahati nzuri kamati ya sasa imejifunza kukataa maboksi ya namna hiyo, au angalau kuomba orodha kabla ya kuyapokea. Mwanafunzi wa kidato cha nne atapata meza, mwanga na utulivu ambao huenda nyumbani kwao haupo, na kwa ada ya mwaka isiyofikia bei ya kitabu kimoja kipya hilo pekee linatosha. Anayetafuta kitabu maalumu afunge safari hadi maktaba ya mkoa mjini Tanga. Bodi ya Huduma za Maktaba, ambayo mizizi yake ni sheria ya mwaka 1963, na ambayo Maktaba Kuu yake jijini Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, ina wakutubi waliosomea kazi hiyo na mpangilio wa vitabu unaoeleweka. Maktaba yetu haiwezi kushindana nayo na haina sababu ya kujaribu.

Kilichonifunga mimi katika maktaba hii ni kipindi cha historia ya mahali, ambacho hufanyika Jumamosi alasiri chini ya mwembe uliopo nyuma ya jengo. Wazee wa mji na wa makambi ya zamani ya mkonge hualikwa kusimulia, kijana mmoja hurekodi kwa simu, mwingine huandika, na anayeongoza mazungumzo, mwalimu mstaafu, huwa amesoma kabla ili ajue wapi pa kuuliza zaidi. Nilikwenda kwa mara ya kwanza kwa sababu ya babu yangu, aliyetoka Kigoma kwa mkataba wa kukata mkonge na hakurudi tena kwao. Nilitarajia hadithi za kawaida za wazee. Nilichokikuta ni maelezo ya kazi yenyewe, kwa undani ambao sijauona katika kitabu chochote cha shule nilichosoma.

Wageni wengi wa kipindi hiki wanaanzia mahali pamoja: mwaka 1893, mtaalamu wa kilimo Mjerumani Richard Hindorf alipoleta mkonge. Miche 1,000 iliagizwa Florida, ikapitia Hamburg, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Mwaka huohuo ujenzi wa reli ulianza Tanga, ukafika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905, na mashamba yakaifuata reli. Hayo mwongozaji huyasema kwa dakika chache, na anafanya vizuri, kwa sababu yanapatikana kwingineko. Baada ya hapo huwaachia wazee, nao hueleza jinsi kipande, yaani kadi ya kazi ya mkataji, kilivyohesabiwa: siku 30 za kazi zilizotiwa alama, ambapo siku ambayo mkataji hakumaliza idadi ya matita aliyopangiwa haikutiwa alama kabisa, hata kama alikuwa shambani tangu alfajiri. Hueleza mnyapara aliyehesabu majani ndani ya tita, kelele na harufu ya korona (mtambo wa kuchakata majani ya mkonge), singa (nyuzi zake) zilizoanikwa kwenye waya, na makambi yaliyokaliwa kwa makabila, Waha upande huu, Wabena upande ule, Wamakonde kule mwisho. Hueleza SILABU, ofisi ya kuajiri vibarua iliyoanzishwa na wenye mashamba mwaka 1944, na safari ndefu za malori na treni walizosafirishwa manamba, yaani vibarua wa mkataba, kutoka Kigoma, Songea, Njombe na nje ya mipaka, hasa Msumbiji na Ruanda-Urundi.

Jina la babu yangu halimo katika picha za vipande zilizokusanywa. Hata hivyo, mzee mmoja aliyekulia katika kambi aliyoishi babu alinichorea kwenye karatasi mpangilio wa nyumba, kisima na duka la Mhindi, na karatasi hiyo ndiyo hati pekee ya ukoo wetu kwa upande huo.

Jambo linalonipa imani na kipindi hiki ni kwamba si kila kinachosemwa kinapokelewa. Katika mazungumzo kuhusu mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ambapo kikosi cha Waingereza na Wahindi cha watu wapatao 8,000 kilirudishwa baharini na askari wapatao 1,000 wa kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, ilisimuliwa kwa uhakika mkubwa kwamba Wajerumani walikuwa wamewategea Waingereza nyuki makusudi. Watu walipiga makofi. Mwongozaji alingoja makofi yaishe, kisha akaeleza kwa upole kwamba nyuki walikuwapo kweli, ila waliwashambulia askari wa pande zote mbili. Msimuliaji hakupendezwa, lakini maelezo yote mawili yaliandikwa, kila moja mahali pake. Nimehudhuria mihadhara ya wasomi ambayo haikuwa na uangalifu huo.

Kipindi kilichonigusa zaidi kilihusu miaka ya 1960. Mwaka 1964 uzalishaji ulifikia takriban tani 230,000, kisha bei ikaanguka kwa sababu ya kamba za plastiki, mashamba mengi yakataifishwa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na mwishoni mwa miaka ya 1990 zao zima lilikuwa limeshuka hadi kama tani 20,000. Takwimu hizo nilizijua. Sikujua kwamba watu walibaki makambini miaka mingi baada ya korona kunyamaza, wakilima mahindi katikati ya mistari ya mkonge uliotelekezwa, wakisubiri malipo yao na wakiwa hawana nauli ya kurudi walikotoka. Sasa ambapo mkonge unatajwa tena na serikali kama zao la kimkakati, na vijana wanaulizia mashamba, kumbukumbu hizo ni za matumizi ya leo.

Kuhusu ukusanyaji wa fedha, wanaojitolea wamechukua utaratibu ambao kila Mtanzania anaujua, yaani kamati ya harusi: kadi za mchango, ahadi, mweka hazina anayepiga simu bila haya, na kundi la WhatsApp ambalo majina ya waliotimiza ahadi huwekwa kila wiki. Wenyeji walioko Dar es Salaam na Arusha hutuma kwa simu, na wanaohudhuria kipindi cha Jumamosi hununua chai na chapati ambazo faida yake inaingia mfukoni mwa maktaba. Mara mojamoja hufanyika mnada wa nakala za vitabu zilizozidi, na kijitabu cha kurasa chache chenye masimulizi ya wazee kimeuzwa vizuri kuliko nilivyotarajia.

Kwa maoni yangu mambo haya mawili, historia na michango, yasingeishi bila kutegemeana, na hapa ndipo maktaba nyingine za jamii nilizozitembelea zinapokosea. Mtu anaombwa achangie "elimu", neno kubwa lisilo na sura, naye anatoa kidogo kwa heshima ya aliyemwomba. Hapa anaombwa achangie mahali ambapo picha ya mama yake akiwa foleni ya posho imebandikwa ukutani, na sauti ya mjomba wake imehifadhiwa. Nimeona watu waliohama mji huu miaka mingi wakitoa ahadi mara tu baada ya kutumiwa sehemu fupi ya rekodi.

Tatizo ni kwamba mchangiaji hupenda kitu anachoweza kukipiga picha. Rafu mpya ilipatikana kwa wiki moja, na bati za kufunika sehemu inayovuja pia hazikuchelewa. Umeme wa LUKU, bando la intaneti, dawa ya mchwa na posho ya mlinzi huombwa kwa unyonge kila mwezi, na nimewahi kusoma kwa tochi ya simu hapo maktabani kwa sababu yuniti zilikwisha. Napendekeza ahadi ndogo za kila mwezi zitengwe kwa ajili ya gharama hizo, na taarifa yake ibandikwe mlangoni kama inavyobandikwa ile ya ujenzi. Katika hilo nawapa sifa: taarifa ya mapato na matumizi hubandikwa kweli, kwa mwandiko unaosomeka, na risiti ukiomba unaonyeshwa.

Kasoro kubwa zaidi ipo katika kile kile ninachokisifu. Rekodi za wazee ni nyingi, lakini hazina orodha. Nyingine zipo kwenye diski moja ya nje, nyingine zimebaki katika simu za waliorekodi, na majina ya mafaili ni tarehe tupu. Nilipoomba kusikiliza tena mazungumzo ya yule mzee aliyenichorea kambi, nilisubiri mpaka kijana aliyerekodi aliporudi kutoka chuoni, na wakati huo mzee alikuwa ameshafariki. Simu ile ingepotea, sauti ile ingepotea nayo. Kazi ya kuandika jina la msimuliaji, mahali, mwaka na mada, kisha kuhifadhi nakala ya pili nje ya jengo, haihitaji fedha nyingi. Inahitaji mtu mmoja mvumilivu aliyekabidhiwa jukumu hilo rasmi, naye hadi sasa hajateuliwa.

Suala la ridhaa limeboreka. Zamani wazee walirekodiwa tu, na wengine walisema mambo kuhusu familia ambazo bado zipo mtaani. Sasa ipo fomu fupi ya Kiswahili ambayo husomwa kwa sauti kabla ya kuanza, na msimuliaji anaweza kuzuia sehemu asiyotaka isikilizwe. Sauti za wanawake bado ni chache, kwa sababu alasiri ya Jumamosi ni saa ya kazi zao za nyumbani na sokoni. Wanakamati wawili wa kike wameanza kuwafuata bibi zetu majumbani, na masimulizi waliyoleta kuhusu wanawake waliofanya kazi ya kuanika singa na kuzipiga brashi ni bora kuliko mengi ya chini ya mwembe.

Saa za kufungua zilizoandikwa mlangoni usiziamini sana, hasa msimu wa kupanda. Piga simu kwanza, au uulize kwenye kundi. Ukiwa na kipande, barua ya mkataba au picha ya zamani, ipeleke: hupigwa picha mbele yako na kurudishwa siku hiyohiyo. Watoto wadogo waende asubuhi, kwani mchana wanafunzi wa sekondari hujaza viti vyote.

Mimi nimelipa ada ya mwaka ujao, na nimetoa ahadi ya LUKU ya kila mwezi. Kadi ya mchango wa chumba kipya ninayo mezani. Nimemwambia mweka hazina kwamba nitaijaza siku nitakapoiona orodha ya rekodi imebandikwa karibu na taarifa ya mapato.