TAHADHARI: Jamaa wa sola za "hama Luku" anazunguka Mbagala na Kongowe, mimi kashanipiga

Jamani naandika hapa mikono inatetemeka. Najua kuna watakaonicheka, chekeni tu, mkimaliza kawaambieni mama zenu. Nimepigwa Sh 1,850,000. Hela ya mgao wa kikoba.

Alikuja Jumanne saa nne asubuhi nafunga barafu za ubuyu. Shikamoo mama, marahaba, kavaa reflekta, kitambulisho shingoni, faili mkononi, nikamkaribisha mkekani na hakukaa mpaka kavua viatu. Mwizi gani anavua viatu? Uji nilimpa akakataa, anasema amefunga Jumanne hiyo kulipa siku zake za Ramadhani. Sasa mtu wa hivyo unamshuku nini.

Akaniuliza mama unatumia umeme wa shilingi ngapi kwa mwezi, nikamwambia elfu tisini, nina friji na difriza la biashara. Akasema nionyeshe meseji ya Luku. Nikamwonyesha ile ya elfu ishirini, yuniti 51 na pointi zake. Akaanza kuichambua kama mwalimu: hii VAT asilimia 18, hii REA ya umeme vijijini asilimia 3, hii EWURA ya wasimamizi wa nishati asilimia 1, na hii Sh 1,500 ni kodi ya jengo, inakatwa ukinunua mara ya kwanza kila mwezi. Yuniti yenyewe Sh 292, ukiweka makato inafika Sh 356. Akapiga hesabu kwenye simu mbele ya macho yangu, na kweli inakuja vile vile kama meseji. Hapo ndo aliponimaliza. Mtu hesabu yake ya kwanza ni ya kweli kabisa, ya pili utamkamatia wapi?

Halafu akaleta ya Uingereza. Ati kule mtu akiona bili kubwa anahama kampuni ya umeme kama sisi tunavyohama laini ya simu, na wanaokoa hela kweli kweli, ila wewe mama wa Mbagala huna pa kuhamia, umeme wa gridi ni TANESCO tu, labda uhamie juani. Jua halina VAT mama. Nikacheka. Yaani mpaka nikalirudia hilo neno kwa Baba Nasra usiku, jua halina VAT, naye akacheka, ndo ujue mlango ulishafunguka.

(Shemeji yangu wa Leicester ananiambia leo, nimeshapigwa tayari, kwamba kweli huko wanahama, ila unachohama ni bili, nyaya ni zile zile na umeme ni ule ule, na 2021 gesi ilipopanda bei kampuni nyingi za bei chee zilikufa, wateja wakahamishiwa kwingine bila hata kuulizwa. Angenipigia mapema huyu.)

Alhamisi akaja na kijana mmoja na mzigo. Paneli mbili zimeandikwa 350W kila moja, inveta, ile ya kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani, imeandikwa 3000W kwa wino mwekundu mkubwaa, betri 200Ah. Nikamwambia hela hii hapa chukua, akakataa! Anasema mimi sipokei hela ya mtu hajaona kitu kinafanya kazi, hiyo ni dhuluma. Mnaona lakini? Ningefanyaje mimi.

Wakapanda juu ya bati wakafunga, wakashuka, akaomba kitambaa akafuta vumbi kwenye friji, nje na ndani, nikasema kijana ana adabu huyu. Kisha akaenda kwenye mita akazima swichi kubwa. Nyumba nzima kimyaa, feni inasimama. Akasema mama hesabu mpaka tatu. Na mimi mtu mzima, bibi wa watu, nimesimama katikati ya sebule nahesabu kwa sauti moja, mbili, tatu. TV hiyo! Taa, feni, kila kitu. Akasema njoo fungua friji. Nikafungua, taa ya ndani inawaka, ubaridi umenipiga usoni, nikapiga kigelegele. Mama Shufaa jirani kasikia kaja mbio na kanga moja, na mwanae anarekodi. Hiyo video ipo, naomba msiisambaze.

Nikatuma Sh 1,200,000 kwa simu pale pale, iliyobaki nikampa Jumamosi mkononi. Risiti ya kitabu cha dukani, ile ya kukata na karboni, nikaikunja nikaiweka kwenye Msahafu.

Sasa sikieni. Jioni barafu haigandi. Naangalia kile kitasa cha ubaridi ndani ya friji kiko sifuri, nikamgombeza Nasra bure, nikakirudisha tano. Friji ikanguruma, inveta ikalia pii pii pii, giza. Nikampigia, akasema mama betri bado changa, iache ishibe jua siku tatu. Nikaiacha. Siku ya nne nikajaribu tena, inveta ikatoa harufu kama plastiki inaungua na friji mpaka leo inanguruma tu haipoozi. Ndoo mbili za ubuyu nimemwaga. Nikapiga tena, namba haipatikani. Nikaenda Kariakoo kwenye anwani ya risiti, ghorofa ya pili, wanauza mabegi ya shule na hawamjui.

Mtoto wa kaka anayesoma mambo ya umeme ndo alinifungua macho, na alinifungua vibaya. Kanyanyua betri kwa mkono mmoja akaguna. Tukaipeleka kwa muuza mchele ikapimwe, kilo 21. Anasema betri ya 200Ah ya ukweli ya jeli inacheza kwenye kilo 55 mpaka 60, wanaume wawili. Akaipasua. Ndani betri mbili ndogo kama za pikipiki, kwingine kote sponji ya godoro. Mimi nimenunua godoro jamani.

Na kile kitasa, ni yule mshenzi alikizungusha wakati anafuta vumbi. Mota ya friji haikuwaka hata dakika moja. Ubaridi ule ulionitoa kigelegele ulikuwa wa Luku yangu mwenyewe ya tangu usiku.

Lakini kilichoniuma zaidi ni hesabu aliyoniandikia huyu mtoto wa kaka nyuma ya daftari la Nasra. Anasema shangazi, hata kama betri ingekuwa halali, 200Ah kwa volti 12 ni yuniti 2.4, na betri za aina ile hutakiwi kutumia zaidi ya nusu, kwa hiyo unabaki na 1.2. Zidisha kwa Sh 356. Mia nne na ishirini na kitu! Betri nzima haifiki chapati moja! Na paneli hazina hata mita moja kwenda juu, paneli nzuri inatoa kama wati 200 kwa mita moja ya mraba, zangu zote mbili zikijitahidi ni wati 200, na kwa jua la masaa matano kwa siku hiyo ni yuniti moja. Sh 10,700 kwa mwezi, hapo sola haijakosa jua hata siku moja. Hela yangu ingerudi baada ya miaka 14, na betri za jeli zingekuwa zishakufa mara tatu. Yule kijana alinihesabia yuniti ya TANESCO mpaka senti, yuniti ya kwake hakuitaja hata mara moja na mimi sikuuliza. Kutwa nahesabu hela za kikoba za wanawake thelathini halafu hilo sikuuliza.

Basi mkimwona: mwembamba, pengo la juu, anakuita mama mpaka masikio yanalainika. Betri inyanyueni, paneli pimeni kwa futi, ulizeni yuniti ngapi kwa siku na aandike, risiti iwe ya EFD, ile ya mashine ya TRA, na fundi awe na leseni ya EWURA. Mengine nimesahau kwa hasira. Mimi nimeshachukua RB polisi. Akikamatwa nataka afungwe, na kabla ya kufungwa atembezwe Msimbazi mchana kabeba zile paneli mgongoni na ile betri kichwani, mbona nyepesi, ataweza, na kila akifika kona ahesabu moja mbili tatu kwa sauti. Na futari yake awe anafuturia sponji.

Mama Shufaa, najua unasoma hapa ingawa umenuna. Laki mbili uliyompa ya kianzio ulimpa kwa sababu yangu. Na wewe uko tarifu 4, ile ya watumiaji wadogo, yuniti 75 za kwanza unanunua kwa Sh 100 kabla ya makato, ulikuwa unaenda kuhama nini shoga yangu? Nakulipa kidogo kidogo. Difriza limepona, lile hakuligusa. Kuanzia Jumatatu barafu za watoto wako chukua bure, niandike kwenye daftari.