Taa za Nyumba ya Zamani: Ipi Inunuliwe Kwanza, Ipi Isubiri

Nyumba ya zamani ina tabia zake. Katika chumba kimoja dari iko chini kiasi kwamba mtu mrefu huinama, katika kingine kuta mbili hukutana kwa pembe isiyo mraba, na kwenye ngazi kuna dirisha dogo ambalo hakuna fundi anayeweza kueleza kwa nini liliwekwa pale. Uzuri wa nyumba ya namna hiyo umo katika mambo hayo hayo, na kinachoyahuisha au kuyaua ni taa. Mwanga unaomwagika kutoka katikati ya dari hufanya kila kitu kifanane, ilhali mwanga unaotoka ubavuni huacha vivuli, na vivuli ndivyo vinavyoonyesha mawimbi ya lipu, mishipa ya mbao na kina cha shubaka. Kwa hiyo nimezipanga taa kwa kigezo kimoja tu: jinsi kila aina inavyokiacha chumba kionekane kilivyo.

Nafasi ya kwanza, tena kwa mbali sana, naipa taa ya mezani au ya kusimama sakafuni, hasa iliyokwisha kutumika. Haihitaji kutoboa ukuta, jambo la maana sana pale ambapo lipu ni ya chokaa na humeguka mara tu keekee inapoigusa. Isitoshe, taa hii huhama, na chumba chenye umbo la ajabu hakifichui mahali pake pazuri siku ya kwanza. Taa yangu ya kusimama niliihamisha kila jioni kwa juma zima. Ilipofika chini ya ngazi, ukutani zilijitokeza alama za vidole vinne vya fundi aliyesawazisha lipu kwa mkono, ambazo nilikuwa nimezipita kwa miaka bila kuziona. Tangu siku hiyo taa haijaondoka pale.

Unapochagua, keti kitini kando ya taa kabla ya kulipa. Ukingo wa chini wa kofia yake uwe usawa wa macho yako au chini kidogo, ili balbu isikuchome macho. Beba sumaku ndogo mfukoni: shaba halisi haishikwi na sumaku, kwa hiyo ikinata, ujue mbele yako kuna chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Sehemu nyeusi au za kahawia kwenye swichi za zamani mara nyingi ni bakelaiti, plastiki iliyovumbuliwa na Leo Baekeland mwaka 1907. Ukiisugua kwa kidole gumba mpaka ipate joto, hutoa harufu kali ya dawa. Kwa meza ya kusomea, tafuta taa yenye mkono wa springi wa aina aliyoibuni Mwingereza George Carwardine mwanzoni mwa miaka ya 1930. Mkono huo hubaki pale unapouacha, na springi zikichoka unaweza kubadilisha springi tu bila kutupa taa.

Waya ndio unaostahili ukaguzi mkali kuliko vyote. Niliwahi kununua taa nzuri ya shaba ambayo muuzaji aliniapia kuwa ni salama. Nilipoifikisha nyumbani na kukunja waya wake uliofunikwa kitambaa, mpira wa ndani ulipukutika kama makombo ya biskuti, shaba ikabaki wazi. Mpira wa zamani hukauka na kupasuka hata kama kitambaa cha nje bado kinapendeza. Kwa hiyo taa yoyote ya zamani ihesabie gharama ya waya mpya, holda mpya (kishikio cha balbu) na plagi mpya, na kama mwili wake ni wa chuma au shaba, mwombe fundi umeme aunganishe waya wa ethi, yaani unaopeleka ardhini umeme unaovuja. Ukishindwa kumudu kazi hiyo kwa sasa, iache taa kwa muuzaji.

Ya pili ni taa ya ukutani. Mwanga wake hupanda na kushuka ukutani, na hakuna kinachoonyesha mbao na mawe vizuri zaidi. Nimeishusha nafasi moja kwa sababu ukishaiweka umeiweka, na kupitisha nyaya kwenye kuta nene ni kazi ngumu na chafu. Ifungwe baada ya kuishi ndani ya chumba kwa miezi kadhaa.

Taa ya kuning'inia ni ya tatu, na mahali pake ni juu ya meza ya chakula, sentimita 75 hadi 90 kutoka usoni pa meza. Zilizobuniwa na Poul Henningsen wa Denmark bado zinaongoza, kwani vifuniko vyake vilivyopangwa kwa tabaka huficha balbu. Kwa dari dhaifu, tufe la karatasi la mtindo ambao mchongaji Isamu Noguchi alianza kuutengeneza mwaka 1951 linafaa zaidi, maana halina uzito wa kutajika. Taa nzito yenye matawi ifungwe kwenye boriti, kamwe si kwenye lipu.

Taa zinazozamishwa darini ziwe za mwisho kabisa. Hutaka matundu mengi kwenye dari ambayo pengine haiwezi kurudishwa ilivyokuwa, na mwanga wake huanguka moja kwa moja sakafuni, kuta zikabaki gizani. Jikoni, mahali pa kukatia mboga, nazikubali.

Balbu nayo ina uzito wake katika uamuzi. Chagua ya LED yenye kelvini 2700 (kipimo cha rangi ya mwanga), ambayo mwanga wake unakaribia ule wa balbu ya zamani, na kipimo cha uhalisia wa rangi (CRI) kisichopungua 90, la sivyo mbao nyekundu itaonekana kama udongo. Lumeni 800, yaani kipimo cha wingi wa mwanga, zinatosha pale palipokuwa na balbu ya zamani ya wati 60, nazo hula takriban wati 8 hadi 10 tu, hivyo hata kofia ya kitambaa kikuukuu haiungui. Kabla ya kuondoka na taa yako, tazama holda yake: E27 ni ya kuzungusha, yenye kipenyo cha milimita 27, na B22 ni ya pini mbili.