Taarifa za wananchi zikae katika ghala moja, au tujenge barabara kati ya maghala?

Kenya ilichagua ghala mwaka 2019: Huduma Namba, namba moja ya utambulisho, ingeweka taarifa za mwananchi mahali pamoja. Ofisa anatafuta mara moja tu. Mwizi naye vilevile. Januari 2020 Mahakama Kuu ilitaka kwanza kanuni kamili, na Oktoba 2021 ikabatilisha utoaji wa kadi kwa sababu athari kwa faragha hazikutathminiwa.

Estonia, tangu 2001, inatumia X-Road, mfumo unaounganisha hifadhi za taarifa za ofisi mbalimbali. Hospitali inabaki na rekodi zake, polisi na zao. Anayehitaji kitu anaomba. Ombi linatiwa muhuri wa kidijitali na kuacha alama. Mwananchi huingia mtandaoni akaona nani kachungulia taarifa zake. Mimi hapo ndipo ninaposhawishika. Ila kila ofisi itahitaji seva, fundi, na umeme usiokatikakatika.