Kunyoosha bampa la Bedford: karakana moja ya Gerezani, Dar es Salaam

Bampa la mbele la Bedford TJ yangu liligonga kisiki mwezi wa nne, upande wa kushoto ukarudi nyuma sentimita 12 hivi, na tangu siku hiyo kila nilipokata kona kali ncha yake ilikwaruza tairi. Lori lenyewe ni la pua, la aina iliyoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1958, na bampa lake ni zito kiasi kwamba likifunguliwa hubebwa na watu wawili. Kupata jingine lililo zima siku hizi ni bahati, kwa hiyo sikuwa na njia ila kulinyoosha.

Karakana ya kwanza niliyoiendea, ambayo sitaitaja, ililifunga bampa kwa mnyororo kwenye shina la mwembe na kuniambia nirudi nyuma taratibu. Nguvu yote ilikwenda kwenye vishikizo badala ya kwenda pale palipopinda, kishikizo kimoja kikajikunja, na bampa likapata mpindo wa pili. Kijana wa pale alikuwa amesimama kando ya mnyororo uliokazwa namna hiyo, nami hadi leo nikikumbuka mwili hunisisimka.

Fundi wa Gerezani alikataa kuligusa bampa likiwa bado garini. Alizilowesha boliti kwa dizeli usiku kucha, mbili zilizogoma akazikata kwa grainda, kisha akalilaza bampa juu ya magogo na kuvuta uzi wa mwashi kutoka ncha hadi ncha, akipiga alama za chaki kila uzi ulipoachana na chuma. “Mzee, limepinda mara mbili hili. Upi ulitangulia?” Nilipomweleza, alianza na ule wa mwembe, kwa maelezo kwamba mpindo wa mwisho ndio hunyooshwa kwanza.

Kazi yenyewe aliifanya kwa kipande cha reli, minyororo miwili na jeki ya tani 20, huku kibao cha mninga kikiwa kati ya jeki na bampa ili chuma kisibonyee. Chuma kizito hurudi kikiachiwa: alisukuma hadi kikagusa uzi, akalegeza jeki, kikarudi karibu sentimita 2. Kwa hiyo alikuwa akipitiliza kidogo, analegeza, anapima, anarudia, na hilo lilimchukua sehemu kubwa ya siku. Moto wa gesi aliutumia mahali pamoja tu, penye kunjo kali, tena baada ya kukwangua rangi yote na kuniuliza kama bampa liliwahi kupakwa zinki, kwa sababu moshi wa zinki iliyoungua humlaza fundi na homa. Chuma kilipoanza kuwa chekundu alikisukuma, akakiacha kipoe chenyewe, na kijana aliyekwisha kushika ndoo ya maji akakemewa mbele yetu sote.

Nimepima mwenyewe nyumbani: upande wa kushoto umebaki na tofauti ya milimita 3, ambayo bila uzi huioni, na tairi halikwaruzwi tena. Kishikizo kilichojikunja nacho kilinyooshwa bila malipo ya ziada.

Malalamiko ninayo. Niliahidiwa siku mbili, zikawa sita, na kila nilipopiga simu jibu lilikuwa “kesho asubuhi, mzee.” Boliti zilirudishwa zikiwa zimechanganywa na za gari la mtu mwingine katika kopo moja. Rangi nyekundu ya kuzuia kutu ilipakwa nyepesi mno, hata nyuma ya bampa brashi haikufika. Ningejua, ningeomba nikabidhiwe chuma kitupu nipake mwenyewe.

Nililipa shilingi 120,000, nami naona ni bei ya haki kwa kazi ya kunyoosha, ingawa si kwa ile rangi. Mwenye bampa la kromu amweleze fundi mapema asitumie gesi kabisa, kwani kromu ikishapata moto hubadilika rangi na haisuguliki ikarudi.