Wazoa taka wa mlimani Bugarika: uzoefu wangu wa mwaka mmoja

Nakaa Bugarika, jijini Mwanza, juu kabisa, kule ambako nyumba imeegemea jiwe na bodaboda anakushushia chini upande ngazi kwa miguu. Zamani gari la taka lilikuwa likipita barabarani linapiga honi. Mpaka ushuke na kiroba chako, limeshaondoka. Basi mvua ikinyesha watu walimwaga taka korongoni, maji yakazisomba hadi Mto Mirongo, na Mirongo unaingia Ziwa Victoria. Ziwa hilo hilo tunalokunywa maji yake!

Tangu mwaka jana tunahudumiwa na kikundi cha akina mama na vijana wa mtaani. Wao wanapanda mpaka mlangoni, Jumanne na Ijumaa asubuhi. Nyumbani nalipa 2,000 kwa mwezi. Kwenye kibanda changu cha samaki wa kukaanga nalipa 1,000 kila wiki, na hiyo hela naitoa kwa moyo mmoja, maana matumbo ya sato hayangoji kesho.

Mama anayekuja kwangu hujitwisha salfeti juu ya kata ya kanga, anashuka ngazi mkono mmoja ukiwa umeshika mwamba, na maji ya taka yanamchuruzikia begani. Chini guta la magurudumu matatu linasubiri. Siku moja alinionyesha kiganja, kovu limekatiza kutoka gumba hadi kwenye kifundo. "Mayu, glasi ikivunjika usiichanganye na maganda," akaniambia (mayu ni mama kwa Kisukuma). Ilikuwa glasi ya nyumba nyingine, lakini hata mimi nilikuwa nachanganya. Sasa vyupa navifunga kwenye boksi peke yake na kumkabidhi mkononi.

Lawama ninayo. Januari guta liliharibika, wakakaa siku nane bila kutokea wala kutupigia simu. Kibandani nzi walijaa, wateja wakahamia kwa jirani. Niliwaka kweli. Walipokuja waliomba radhi na hela ya wiki ile hawakuidai, ila simu moja tu ingenitosha nikajipanga.

Mnaokaa huku juu, jiungeni, na mdai risiti kila mnapolipa. Na anayeweza awaongezee glovu nzito. Zile nyembamba wanazovaa zinapasuka kwenye gumba kabla hawajamaliza mtaa.