Madoa ya vumbi kwenye picha: kusafisha sensa au kufuta kwa kompyuta?

Ukipiga picha ya Jiwe la Bismarck, Mwanza, jioni, anga likiwa tupu na tundu la lenzi umelibana hadi f/16, ndipo madoa yanapojitokeza: vidoa vya kijivu vyenye kingo zilizofifia, mahali palepale kila picha. Fungua tundu hadi f/2.8 na hutayaona, ila vumbi bado lipo kwenye sensa, kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga.

Kuyafuta kwenye kompyuta ni salama, na kwa picha tatu nne inatosha kabisa. Kwenye Lightroom, programu ya kuhariri picha, unafuta doa moja moja, kisha unanakili marekebisho hayo kwa picha zote. Angani inakubali vizuri. Shida huanza doa likiangukia usoni mwa mtu au kwenye nyuzi za nyavu za dagaa: programu inabandika kipande kisicholingana, na jicho linakikamata.

Kusafisha kunaondoa tatizo kwenye chanzo. Chaji betri ijae, washa hali ya kusafisha sensa, ondoa lenzi, inamisha kamera mdomo uangalie chini, kisha pulizia kwa pampu ya mpira. Usipulize kwa mdomo kamwe. Tone la mate ni baya kuliko vumbi. Lenzi hupindua picha, hivyo doa la juu kwenye picha liko chini kwenye sensa. Lililonata linahitaji kijiti maalumu na dawa yake, na hapo mkono mzito unaweza kukwaruza kioo kinachofunika sensa.

Mimi napulizia kwanza, chumbani, madirisha yamefungwa, si kwenye kivuko cha Kamanga upepo ukivuma. Kinachobaki nafuta. Kabla ya harusi napiga picha ya ukuta mweupe kwa f/22 kuhakikisha.